Miaka Yangu ya Makala na Mvuke

Mwaka wangu wa mwisho wa shule ya msingi, kule Alimbongo, mwalimu alitupa kazi ya kuandika hadithi. Sentensi ya kwanza aliiandika mwenyewe ubaoni: mtu anatoka nyumbani asubuhi, anakuta ukungu umefunika barabara yote. Sisi tuendelee. Wenzangu walijaza kurasa. Mmoja aliandika chui, mwingine majambazi, mwingine lori lililopotea na kutokea Kampala. Mimi niliandika kwamba mtu yule alirudi ndani, akangoja ukungu uondoke, kisha akaenda shambani.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, ikaisha kabla watu hawajakaa vizuri. "Huyu hapana na mawazo," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeona kwamba huyu hana viatu.

Katika imla sikukosa hata nukta. Kunakili ramani, kupanga madaftari ya darasa kwa majina, kufagia kuanzia kona ileile kila asubuhi, hayo niliyafanya kwa furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Lakini kwetu hakuna aliyeita hiyo akili. Baba alilima viazi na leki, mboga ya jamii ya kitunguu, na alijua kwamba viazi haviwezi kuwatosha watoto wote. Alitaka kila mmoja wetu awe na kile alichoita kichwa cha kujitafutia. Nilipopata diploma ya sekondari alinipeleka Butembo kwa mama mdogo, aliyeuza vitenge sokoni, nijifunze biashara.

Butembo ni mji wa watu wenye mawazo. Leo mtu anauza misumari, kesho ameleta sabuni kutoka mpakani Kasindi, keshokutwa ameona mbali zaidi, anaagiza pikipiki. Mama mdogo alikuwa hodari hasa. Kila mteja alipata maneno yake: huyu aliambiwa kitenge kitamfanya mume arudi mapema, yule aliambiwa kwamba hata mke wa mchungaji alichukua kama hicho. Mimi nilisimama pale miezi saba nikimwambia kila mtu neno moja, kwamba rangi haitoki. Ilikuwa kweli, lakini walikuwa wanapita.

"Mutoto yangu," mama mdogo aliniambia siku moja, tukikunja vitenge jioni, "unakunja muzuri kuliko mutu yote wa hii soko. Lakini kuuza, hapana. Mungu hakukupa."

Nililia kidogo nyuma ya meza. Yeye aliniacha nilie, akamaliza kufunga. Lakini neno lile la kukunja alilichukua akaenda nalo. Wiki iliyofuata aliongea na mwanamke mmoja wa kwaya yake aliyefanya kazi ya kufua kwenye hospitali moja ya mjini, na huyo akasema kwamba mzee wa chumba cha stérilisation anatafuta mtu wa kumsaidia. Ndicho chumba ambamo vyombo vya upasuaji na vya kuzalishia husafishwa, hufungwa na kupitishwa kwenye mvuke ili visibaki na uchafu wowote usioonekana. Watu wa hospitali walikiita stéri tu.

Nilienda asubuhi yenye baridi. Mzee alikuwa mwembamba, amevaa koti la kijani lililopauka na kofia ya kitambaa. Alikuwa amejipinda mbele ya jiko la makala, ndivyo tunavyoita makaa. Juu ya jiko kulikuwa na autoclave, pipa zito la chuma lenye kifuniko cha kukazwa kwa skrubu sita na saa ndogo ya kuonyesha nguvu ya mvuke. Hakuniuliza shule gani nilisoma. Aliniangalia, kisha akasema:

"Mwali, weye uko na mawazo mingi?"

Mwali ndivyo wazee wetu wanavyomwita binti. Nilidhani habari za kule Alimbongo zimenifuata mpaka huku. Niliona aibu, lakini sikuwa na la kudanganya.

"Hapana, papa. Sina."

"Basi ingia," alisema. "Osha mikono kwanza. Mpaka kwenye kiwiko."

Ndivyo nilivyopata kazi, na nilikaa ndani ya chumba kile miaka kumi na moja.

Nikifumba macho naweza kukitembelea hata sasa. Mlango upande wa kushoto ni wa vyombo vichafu, mlango wa kulia ni wa vyombo safi, na hakuna kilichoruhusiwa kurudi nyuma. Vyombo vililala kwanza kwenye maji ya javel, dawa kali ya kuua vijidudu. Vikasuguliwa chini ya maji kwa mswaki, mkasi ukiwa umefunguliwa mpaka mwisho ili damu isijifiche kwenye kiungo. Vikasuuzwa mara mbili, vikakaushwa, vikaangaliwa kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Baadaye vikafungwa ndani ya vitambaa viwili, kwa mikunjo minne, pembe ya mwisho ikiachwa nje kidogo ili muuguzi aivute bila kugusa ndani. Nilijifunza mikunjo ile kwa siku moja. Mzee alifungua furushi langu la kwanza, akalikunja tena, akalifungua, akanirudishia.

"Ni vile tu," alisema. "Sasa ufanye vile siku yote."

Siku yote, kwa Kiswahili chetu, maana yake ni kila siku. Wengine wangesikia hukumu. Mimi nilisikia mtu akinifungulia mlango.

Asubuhi za Butembo zina baridi, lakini stéri ilikuwa na joto. Wauguzi walipita kujipasha mikono na kuiba chai yetu. Kulikuwa na harufu ya sabuni, ya javel, ya vitambaa vilivyotoka kwenye mvuke, na nje ya dirisha mikaratusi iliyosimama juu ya kamba za nguo. Mzee alizungumza kidogo. Sindano ya saa ilipofika mahali pake ndipo alipoanza kuhesabu muda, si dakika moja kabla, na katika nusu saa ile hakutaka mtu amwite. Alikaa kwenye kigoda akiitazama sindano. Ikishuka kidogo, aliongeza makala na kuanza kuhesabu upya. Hata kama wodi ya wazazi inapiga kelele, alianza upya.

Siku moja baba alikuja kutoka Alimbongo na gunia la viazi juu ya lori. Alinikuta kazini, mzee akamruhusu kukaa mlangoni. Alikaa pale asubuhi nzima, kofia magotini, akitazama ninavyosugua, ninavyoangalia, ninavyokunja. Sikujua anafikiri nini. Alipoinuka kuondoka alisema, "Kumbe kulikuwa kazi ya mutu kama weye. Hatukujua tu pahali iko." Nilimsindikiza mpaka barabarani. Hakurudia tena habari ya kichwa cha kujitafutia.

Sasa niseme juu ya siku ambayo nilikosea.

Vyombo vya upasuaji mkubwa hatukuvifunga kwenye vitambaa peke yake. Tuliviweka ndani ya tambour, mkebe wa chuma wenye matundu ubavuni na ukanda wa kuyafunga. Wakati wa kuingia kwenye mvuke, matundu yanakuwa wazi, ili mvuke uingie. Wakati wa kutoka, unavuta ukanda, matundu yanafungwa, na ndani panabaki safi. Ni tendo la sekunde mbili.

Mzee alikuwa ameenda Kasugho kumzika ndugu yake, nami nilikuwa peke yangu kwa siku ya tatu. Nilijaza tambour ya upasuaji, na kabla sijavuta ukanda kuyafungua matundu, muuguzi aliniita nikapokee katoni za glavu. Nilienda, nikarudi, nikaona tambour imejaa na imefunikwa. Mikono yangu ikachukua hatua iliyofuata. Niliipandisha kwenye autoclave, nikakaza skrubu, nikangoja sindano, nikahesabu nusu saa kamili bila kupunguza hata pumzi moja. Ile bande ya karatasi tunayobandika nje, inayobadilika rangi kwa joto, ikatoka nyeusi kabisa.

Saa nne kuna mwanamke aliletwa kutoka nje ya mji. Mtoto amekwama, anatakiwa kupasuliwa. Tambour ya akiba ilikuwa imetumika alfajiri kwa mwingine. Muuguzi akaja mbio kuchukua ile yangu. Nilinyoosha mkono ili nivute ukanda niyafunge matundu, na ukanda haukutembea. Ulikuwa tayari umefungwa. Ulikuwa umefungwa tangu mwanzo.

Nimeishi na dakika ile miaka mingi. Muuguzi hakuona kitu. Bande ilikuwa nyeusi. Hakuna mtu duniani aliyejua isipokuwa mimi, na mwanamke alikuwa anapiga kelele upande wa pili wa ukuta. Ningempa tu. Labda pasingetokea kitu.

"Hapana," nilisema. "Hii haiko tayari."

Daktari akaja mwenyewe, glavu hana, kofia tayari kichwani. Alikuwa mtu mrefu, mwenye hasira za haraka.

"Bande iko noire," alisema. "Tatizo ni nini?"

"Bande inasema ya inje, docteur. Matundu yalikuwa ya kufunga. Mvuke haikuingia ndani."

"Nani alifunga?"

"Ni miye."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alinitazama kama anayejifunza sura yangu, kisha akageuka na kumtuma mtu wa pikipiki kwenye kituo cha afya cha upande mwingine wa mji, kuazima tambour yao. Mimi niliyafungua matundu, nikawasha upya. Nilimsikia mwanamke yule muda wote. Muuguzi mmoja alikuwa anamwimbia wimbo wa kanisa kwa sauti ndogo, akimshika mkono. Barabara ilikuwa na matope, na sijui pikipiki ilichukua muda gani. Ninajua tu kwamba niliongeza makala mara mbili. Hatimaye niliisikia pikipiki inapanda kilima. Baadaye kidogo nikasikia mtoto akilia, sauti nyembamba na yenye hasira. Alikuwa msichana. Mama yake alirudi nyumbani kwa miguu yake, baada ya siku nane.

Daktari hakunisalimia kwa wiki tatu. Halafu siku moja alileta mwanafunzi wa udaktari mlangoni kwangu, akamwambia, "Kaa hapa siku mbili. Uangalie namna huyu anafanya." Hilo ndilo neno lake pekee juu ya jambo lile.

Mzee aliporudi kutoka Kasugho nilimweleza yote kabla hajavua koti. Alikaa juu ya gunia la makala.

"Ulisema mbele ya batu?" aliuliza.

"Ndiyo, papa."

"Weye mwenyewe? Hapana mutu alikuuliza kwanza?"

"Miye mwenyewe."

Alitoka, akaenda kusimama kwenye kamba za nguo, amenipa mgongo. Alikaa huko muda mrefu mpaka chai ikapoa. Niliamini kwamba ananifukuza na anatafuta maneno. Aliporudi alinawa mikono mpaka kwenye kiwiko, akachukua mswaki, akasema, "Muzuri. Tufanye kazi."

Miaka ilipita. Mzee alistaafu, akarudi Kasugho kwenye mashamba yake ya kahawa. Mimi nikaitwa Beni, ambako hospitali moja ilitaka mtu wa kuanzisha chumba kama chetu. Beni kuna joto, hakuna mtu anayekuja stéri kujipasha mikono. Wakati wa ule ugonjwa wa kuambukiza uliotupata, uliowaua hata wauguzi, waliniweka mahali pa kuvulia mavazi ya kinga. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya kila anayetoka na kumsomea hatua moja moja: glavu za nje, nawa, miwani, nawa. Watu waliochoka, waliotaka kukimbia waende kunywa maji, niliwarudisha kwenye hatua. Wengine walinichukia siku ile na kunishukuru baadaye. Nilijifunza wakati ule kuwatambua watu wa aina yangu. Wako wengi kuliko tunavyodhani. Yuko mwanamke wa maabara anayehesabu chini ya darubini bila kuruka mstari. Yuko jirani yangu wa zamani, anayejaza karatasi za forodha kule Kasindi, na karatasi zake hazirudishwi. Yuko mwandishi wa ofisi ya vizazi na vifo, anayeuliza jina la mtoto mara tatu kabla ya kuliandika. Hakuna anayewasifu, kwa sababu kazi yao ikienda vizuri hakuna kinachotokea.

Wazazi wa mtaani walianza kuniletea watoto wao. "Huyu wangu hapana na mawazo," mama mmoja aliniambia, binti yake amesimama pembeni anatazama chini. Nilimjibu kwa kujiamini kwamba kuna kazi ya watu kama hao, kwamba wanazaliwa hivyo, na kwamba mimi mwenyewe nilifundishwa na mmoja wao, mzee aliyekuwa hivyo kuliko sote.

Ndivyo nilivyosema kwa miaka. Mwaka jana nilisikia kwamba mzee yuko Butembo kwa binti yake, ameletwa kutibiwa macho. Nilipanda gari Jumamosi asubuhi. Niliona vizuizi vya wanajeshi, vumbi, halafu baridi ile ikinigusa mikono tulipoanza kupanda, na moyo wangu ukawa kama wa mtu anayerudi kwao.

Nilimkuta uani, jicho moja limefunikwa. Mezani mbele yake kulikuwa na vipande vya mbao, waya wa baiskeli na gurudumu dogo.

"Hii ni nini, papa?"

"Ya kugeuza kahawa kwenye jua," alisema. "Unavuta kamba moja, vitanda vyote vya kuanika vinageuka. Kama itatembea." Akacheka. "Kule Kasugho niko na vitu vingi nilianza. Kimoja cha kupandisha maji. Kimoja cha kufukuza ndege. Mingi haitembei. Bibi yangu anachoka na miye."

Nilikaa kwenye benchi nikimtazama. Kwa miaka kumi na moja sikumwona akibadilisha hata mahali pa mswaki.

"Lakini papa, weye? Miye nilizani tuko sawasawa."

Aliweka waya chini.

"Mwali, weye ulipenda ile kazi. Nilikuwa naona. Miye ilikuwa inanichosha siku yote. Kila asubuhi kichwa kilikuwa kinaniambia, fanya hivi, badilisha hivi, punguza hapa."

Kisha akanisimulia. Alipokuwa kijana, kabla ya Butembo, alifanya kazi kwenye kituo kidogo huko msituni. Ilikuwa majira ya mvua, makala yalikuwa yameloa, na yeye alipata wazo: akibana mafurushi kwa nguvu, autoclave itachukua kazi ya siku mbili kwa moto mmoja. Alijivunia. Mkubwa wake alimsifu. Lakini mvuke haupiti mahali palipobanwa. Mwezi ule mwanamke mmoja aliyepasuliwa alipata homa, na baada ya siku kumi akafa. Walisema ni malaria. Hakuna aliyemuuliza kitu.

"Labda ilikuwa malaria," alisema. "Hapana mutu anajua. Miye sikusema. Njo maana, siku ile ya matundu, nilitoka inje. Weye ulikuwa mutoto, na ulisema. Miye nilikuwa mwanaume muzima, na nilinyamaza."

Nilimshika mkono, mkono ule uliokuwa mkavu daima kwa sababu ya javel. Nilikuwa nimetunza ndani yangu picha ya mzee aliyezaliwa bila mawazo, kama mimi, na nilikuwa nimejificha nyuma ya picha ile. Sasa niliona mtu ambaye kila siku, kwa maisha yake yote ya kazi, alikuwa anajizuia. Mimi nilikuwa nafuata hatua kwa sababu zilinipumzisha. Yeye alizifuata kwa nguvu, na watoto wa nusu ya mji walizaliwa salama kwa sababu ya nguvu hiyo. Nilimwambia hivyo, kwa maneno mabaya kuliko haya. Alitikisa kichwa, lakini mkono hakuutoa.

Binti yake alileta chai na viazi vya kuchemsha. Tulikula. Jua lilitoka, akapandisha kitambaa cha jicho kidogo, ingawa alikatazwa, akaniuliza habari za autoclave yetu mpya ya Beni, ile ya umeme. Nilimweleza kwa mpangilio, tangu mlango unapofunguliwa mpaka unapofunguliwa tena. Alisikiliza kwa makini. Nilipofika kwenye kukausha akaniinamia.

"Ile hewa ya moto yenye inatoka nyuma," alisema, "munaiacha tu inaenda? Si mungeweka bomba hivi, ipite kwa vitambaa…"

"Hapana, papa."

"Bomba kidogo tu."

"Hapana kuigusa ile mashine."

Akacheka mpaka akajishika jicho, na binti yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nikamshushia kitambaa mahali pake, nikahakikisha kimekaa vizuri pande zote nne. Halafu nikavuta benchi karibu na meza, nikamshikia gurudumu ili apitishe waya.